Je, Wajua? Chokoleti ya bapa yenye ladha za Japani

Je, wajua kwamba nchini Japani Februari ndio mwezi wa kuyeyusha chokoleti jikoni? Tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti, na wasichana wengi hawaridhiki na ya dukani. Hununua chokoleti ya kawaida, huiyeyusha nyumbani, huipa umbo jipya na kuifunga wenyewe. Wanaume hulipa fadhila mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, katika Siku Nyeupe iliyoasisiwa na watengenezaji wa pipi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa anayeanza, umbo rahisi kuliko yote ni bapa: unayeyusha, unamimina kwenye karatasi, unanyunyizia vikolezo juu, unaacha igande, kisha unavunja kwa mkono. Huhitaji oveni wala kifaa cha umbo.

Je, wajua kwa nini ladha za Kijapani zinaelewana na chokoleti kuliko nyingine nyingi? Kwa sababu ni kavu. Chokoleti iliyoyeyuka ni chembe za kakao na sukari zilizozama ndani ya mafuta, na maji hayana nafasi humo. Tone moja tu likiingia, sukari inalowa, chembe zinanatana, na bakuli zima linageuka tope gumu lisilomiminika. Sasa tazama kabati la jikoni la Kijapani: macha ni unga wa chai, kinako ni unga wa soya, ufuta umekaangwa, mwani wa nori umekaushwa na kupitishwa motoni, maganda ya ndimu iitwayo yuzu yameanikwa. Karne nyingi za kukausha, kukaanga na kusaga zimeacha akiba ya ladha kali zisizo na maji. Chokoleti haiwezi kuomba zaidi ya hapo.

Wajua la kufanya ikishaharibika kwa maji? Usiitupe. Ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga hadi ilainike, uinywe au uimwagie maandazi. Bapa ndilo halitapatikana tena.

Je, wajua kwamba mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa maumbo 6 tofauti ya fuwele? Wataalamu huyahesabu kwa namba za Kirumi, na tunalolitaka ni la tano. Hilo ndilo linaloipa chokoleti mng'ao, mlio mkavu inapovunjwa, na tabia ya kuyeyuka mdomoni, kwa sababu linayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi na kinywa cha mtu kina karibu nyuzi 37. Ukiyeyusha chokoleti ovyo na kuiacha igande yenyewe, unapata mchanganyiko wa maumbo yasiyo imara: bapa linakuwa laini, halina mng'ao, na siku chache baadaye linaota ukungu mweupe usoni. Ukungu huo ni mafuta yaliyopanda juu. Hauna madhara, lakini bapa limekwisha uzuri wake.

Dawa yake si ngumu. Chukua gramu 300 za chokoleti nyeusi, uikatekate. Tenga theluthi moja. Theluthi mbili ziweke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka, si yanayotokota, na kitako cha bakuli kisiguse maji. Ikifika nyuzi 45 hadi 50, epua, futa kitako cha bakuli kwa kitambaa kikavu kabisa (hapa ndipo tone la maji huponyoka na kuingia), kisha mimina ile theluthi uliyoitenga na ukoroge taratibu. Vipande hivyo vigumu vina fuwele nzuri tayari, na ndizo zinazofundisha mafuta mengine namna ya kuganda. Chokoleti nyeusi ikishuka hadi nyuzi 31 au 32 iko tayari. Ya maziwa isubiri hadi 29 au 30, na nyeupe hadi 28 au 29. Huna kipimajoto? Gusisha kidogo chini ya mdomo: chokoleti iliyo tayari huhisiwa kuwa na ubaridi kidogo, kwa kuwa iko chini ya joto la mwili. Chovya ncha ya kisu. Ikikauka juu ya kisu ndani ya dakika 5 kwenye chumba chenye ubaridi, na ikang'aa, mimina.

Wajua kwamba kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa maelezo ya vitabu vingi hayatoshi? Vitabu vinasema uache bapa mezani kwenye nyuzi 20. Sebule ya pwani mwezi Februari inapita 30, na hapo fuwele njema zinahangaika kujijenga. Fanya kazi hii usiku au alfajiri, sukuma feni mbali na jiko, kisha ingiza bapa kwenye friji kwa dakika 10 hadi 15 tu. Likikaa zaidi bila kufunikwa linanyonya unyevu wa friji, sukari ya juu inayeyuka, na ikikauka tena inaacha mabaka yanayokwaruza ulimi.

Soma pia pakiti kabla ya kulipa. Nyingi ya zile zinazouzwa kwa bei nafuu kwa ajili ya kupambia keki zimetengenezwa kwa mafuta ya mawese au mengine ya mimea badala ya mafuta ya kakao. Hizo huganda bila masharti yoyote, na kwa keki ya watoto zinafaa. Kwa bapa la macha au miso sizipendekezi: mafuta yake yanabaki yamegandamana kwenye kaakaa na kuifunika ladha uliyoigharamia.

Je, wajua kwamba macha husagwa taratibu kiasi kwamba jiwe moja la kusagia hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa? Likizungushwa haraka linapata moto, na moto unaiharibu harufu. Kazi yenyewe inaanza shambani. Wiki kama tatu kabla ya kuchuma, wakulima wa sehemu kama Uji, karibu na Kyoto, huifunika michai ili ikae kivulini. Jani lililonyimwa jua hujaza klorofili na kuwa kijani iliyokolea, na ile asidi inayolipa utamu wa chini chini, theanini, inabaki kwa wingi badala ya kugeuka kuwa viini vya uchungu. Utamaduni wa kunywa chai ya unga ulifika Japani kutoka China kupitia mtawa wa Kibudha, Eisai, aliyerejea nyumbani mwaka 1191. China yenyewe ikaja kuuacha. Japani ikaushika hadi leo.

Kwenye bapa, macha inataka chokoleti nyeupe. Gramu 200 za chokoleti hiyo zinatosheka na vijiko 2 vya chai vya macha. Chekecha unga kwanza, kwa sababu hupenda kushikana madonge, kisha uukoroge na vijiko vichache vya chokoleti iliyoyeyuka hadi uwe rojo laini, ndipo urudishe rojo hilo kwenye bakuli kubwa. Macha ya daraja la juu kabisa nakushauri uinywe. Ile ya kupikia ina uchungu zaidi, na uchungu huo ndio unaohitajika kuushinda utamu wa chokoleti nyeupe, ambayo ikiliwa peke yake huchosha upesi.

Wajua kwamba chokoleti nyeupe haina kafeini ya kutajika, lakini ikishatiwa macha inakuwa nayo? Wape watoto mchana, si wakati wa kulala.

Je, wajua kwamba ufuta unaonunuliwa na Wajapani huenda umelimwa Lindi au Mtwara? Japani inakula ufuta kwa wingi, mbegu na mafuta yake, lakini inaulima kidogo mno. Karibu wote unatoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoiuzia. Baadhi ya mbegu zinazopakiwa bandarini Mtwara na Dar es Salaam huishia kukamuliwa mafuta ya kukaangia samaki Tokyo na Osaka. Ufuta mweusi ndio unaotumika zaidi kwenye vitamu vya Kijapani, kwa kuwa una harufu nzito na rangi ya kupendeza juu ya chokoleti nyeupe. Ukikosa mweusi, mweupe wetu uliokaangwa vizuri unafanya kazi juu ya chokoleti nyeusi.

Ufuta ukaangwe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukitikiswa muda wote. Sikiliza: mbegu zinaanza kulia na kuruka moja moja. Zikiruka tatu nne kwa pamoja, epua papo hapo na uzimwage kwenye sahani, maana kikaango cha moto kinaendelea kuzichoma hata jiko likiwa limezimwa. Wajapani hawaishii hapo. Wana chungu kidogo cha kusagia, suribachi, chenye mikwaruzo ya mistari ndani, na mchi wa mti. Nusu ya ufuta husagwa humo hadi utoe mafuta, nusu hubaki mzima. Fanya vivyo hivyo kwenye kinu chako: uliosagwa uchanganye ndani ya chokoleti, uliobaki mzima unyunyize juu. Hapo bapa linakuwa na ladha ya ufuta mwili mzima, si usoni tu.

Je, wajua kwamba unga wa kinako unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa soya ya sokoni? Kinako ni soya iliyokaangwa kisha ikasagwa. Mama yeyote anayetengeneza unga wa lishe wa uji amekwisha kuifanya nusu ya kazi hii. Osha soya, anika hadi ikauke kabisa, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi maganda yapasuke na punje ya ndani iwe rangi ya asali. Usikatishe njiani: soya isiyoiva ina viini vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na ina harufu ya majani mabichi isiyofichika. Pepeta maganda, saga, chekecha kwa chekecheo laini. Vijiko 2 vya chakula ndani ya gramu 200 za chokoleti ya maziwa, na chembe chache za chumvi juu. Kati ya mabapa yote ninayoyataja hapa, hili ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote.

Wajua siri ya kupanga ladha? Vilivyopita motoni vinapatana na chokoleti nyeusi au ya maziwa: ufuta, kinako, na hojicha, ile chai ya kijani iliyokaangwa hadi ikawa kahawia, mtindo ulioenea kutoka Kyoto miaka ya 1920. Kakao nayo ilikaangwa kabla ya kuwa chokoleti, na kukaanga huzalisha harufu za ukoo mmoja. Vya kijani na vya uchachu, yaani macha na yuzu, vipelekwe kwenye nyeupe.

Je, wajua kwamba miso na kakao zote mbili ni mali ya kuchachushwa? Mbegu za kakao zikishatolewa kwenye tunda, iwe Kyela, Bundibugyo au Beni, hurundikwa na kufunikwa, mara nyingi kwa majani ya mgomba, zichachuke kwa siku 5 hadi 7. Bila hatua hiyo hakuna ladha ya chokoleti hata ukaange vipi. Miso ni soya iliyochachushwa kwa koji, ukungu uitwao kitaalamu Aspergillus oryzae, ambao mwaka 2006 jumuiya ya wataalamu wa vileo nchini Japani iliutangaza kuwa ukungu wa taifa. Ladha nzito ya miso inatokana na glutamati, ile ambayo mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa kombu. Tatizo la miso ni unyevu. Ipake nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, iweke kwenye oveni ya nyuzi 90 hadi ikauke na kuvunjika kwa urahisi, halafu uiponde. Kijiko 1 cha chai kinatosha kwa gramu 200 za chokoleti ya maziwa. Kikizidi, chumvi inatawala.

Wajua kwamba chokoleti iliingia Japani kwa mlango wa Nagasaki? Kumbukumbu ya mwaka 1797 inaitaja miongoni mwa zawadi zilizotoka kwa wageni wa Kiholanzi. Mwaka 1878 duka la Fugetsudo la Tokyo liliitangaza gazetini, na mwaka 1918 kampuni ya Morinaga ikaanza kuitengeneza nchini humo kuanzia mbegu hadi kipande kilichofungwa.

Na makadamia? Kampuni ya Kenya Nut ya Thika ilianzishwa mwaka 1974, na mmoja wa waasisi wake ni Mjapani, Yoshiyuki Sato. Kwa miaka mingi makadamia za Kenya zimesafiri hadi Japani kutiwa ndani ya chokoleti. Zikaange kidogo, uzikate nusu, uzipange juu ya bapa la hojicha. Mbwa wa nyumbani asikaribie, kwa kuwa chokoleti na makadamia zote ni sumu kwake.

Je, wajua kwamba nori ya leo isingekuwapo kwa wingi huu bila mwanamke mmoja wa Manchester ambaye hakuwahi kufika Japani? Wavuvi wa Japani walikuwa wamelima mwani huu kwa karne kadhaa bila kujua mbegu zake zinatoka wapi. Walichomeka vijiti baharini na kusubiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili mavuno yalianguka vibaya, na hakuna aliyejua namna ya kuyarudisha. Huku Uingereza, Kathleen Drew-Baker, mtaalamu wa mwani aliyepoteza ajira yake ya chuo kikuu baada ya kuolewa mwaka 1928 kwa sababu chuo hakikuajiri wanawake walioolewa, aliendelea na utafiti bila mshahara. Mwaka 1949 alichapisha katika jarida la Nature alichokigundua: kiumbe kidogo cha waridi kinachoishi ndani ya makombe, kilichodhaniwa kuwa aina nyingine kabisa, kumbe ni utoto wa mwani wa jamii ya nori. Wanasayansi wa Japani waliosoma makala hiyo wakajifunza kuotesha mbegu kwenye makombe ya chaza na kuzihamishia kwenye nyavu. Ukulima ukafufuka. Drew-Baker alifariki mwaka 1957. Mjini Uto, mkoa wa Kumamoto, kuna mnara wa kumbukumbu yake unaotazama bahari, na kila tarehe 14 Aprili wakulima hukusanyika hapo kumheshimu.

Mwani wa Paje na Jambiani, kwa wanaouliza, ni wa jamii nyingine. Unalimwa kwa ajili ya kuzitia uzito bidhaa za viwandani na hauwezi kushika nafasi ya nori. Nori yenyewe ipitishe juu ya moto sekunde chache, ikate kwa mkasi vipande vyembamba, nyunyiza juu ya chokoleti nyeusi pamoja na ufuta. Chumvi ya bahari na kakao hupendana kuliko unavyodhani kabla ya kuonja.

Wajua kuhusu yuzu? Ni ndimu ya Kijapani yenye harufu nyingi kuliko maji. Mkoa wa Kochi ndio unaoongoza kwa kuilima, na siku fupi kuliko zote za mwaka, mwezi Desemba, Wajapani huielesha ikiwa nzima kwenye maji ya kuoga. Maji yake usiyatie kwenye bapa, kwa sababu unazozijua sasa. Tumia ganda lililokaushwa. Ukilikosa, paruza ganda la ndimu na la chenza, sehemu ya rangi tu, anika kivulini siku mbili, saga. Chenza si ya kubahatisha: ganda lake lililokaushwa ni mojawapo ya viungo vya shichimi, mchanganyiko wa vitu saba ambao duka la Yagenbori limekuwa likiuuza tangu mwaka 1625, wakati Tokyo ikiitwa Edo. Ndani yake mna pilipili, ufuta, na sansho, punje inayoufanya ulimi utetemeke na kufa ganzi kidogo. Pilipili na kakao zote ni za Amerika ya kale, ambako watu walizinywa pamoja muda mrefu kabla Mreno hajaifikisha pilipili Asia. Chokoleti nyeusi, shichimi robo kijiko cha chai, basi.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya wasabi inayouzwa duniani si wasabi? Ni mzizi mwingine mkali wa Ulaya, haradali na rangi ya kijani. Ukali wa vyote hivyo huzaliwa unga unapokutana na maji, na ukishazaliwa hupeperuka upesi. Ndani ya chokoleti hakuna maji, kwa hiyo ukali unasubiri mate ya mlaji. Tia kidogo kuliko unavyofikiri, na mwambie mgeni kabla hajauma.

Maua ya mcheri yaliyohifadhiwa kwa chumvi yanahitaji kulowekwa, kubanwa kwa kitambaa na kukaushwa tena kabla hayajagusa chokoleti. Ua moja kwa kila kipande, juu ya nyeupe.

Na kuvunja? Bapa liwe na unene wa milimita 4 hivi. Likipita hapo linakuwa jiwe, likipungua linapukutika. Vikolezo vinyunyizwe uso ukiwa bado umelowa, ndani ya dakika chache baada ya kumimina, la sivyo vitadondoka vyote siku ya kuvunja. Bandua karatasi, shika kwa ncha za vidole ili joto la kiganja lisiache alama, vunja vipande visivyolingana. Panga kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na vitunguu na viungo vya pilau, kwa kuwa mafuta ya kakao hunyonya harufu yoyote iliyo jirani. Bapa la macha lifunge kwenye karatasi ya alumini: mwanga huigeuza kijani yake kuwa rangi ya majani makavu, na ladha nayo hufifia. Ukilifunga vizuri, lina wiki mbili nzuri. La ufuta na la kinako yanaweza kuvumilia zaidi kidogo, lakini nusa kwanza, maana mafuta ya mbegu yakianza kuchacha pua hujua kabla ya ulimi.